Aliyesimama Upande wa Kichwa

Garsen, Jumapili jioni. Mawingu yalikuja hadi ng'ambo ya mto, yakatuchungulia, yakarudi. Joto liko palepale. Na mimi niko palepale: majibu ni kesho.

Naandika leo kabla sijajua, kwa sababu nikishajua nitaandika mambo mengine.

Hapa mjini watu huniita Daktari, lakini mimi ni daktari wa ng'ombe. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu kubwa imekuwa kuvaa glavu ndefu inayofika begani, kuipaka sabuni, na kuingiza mkono nyuma ya ng'ombe nijue kama ana mimba. Nimewapima wasiohesabika, huku nikipiga soga na wenyewe.

Basi mtu huyohuyo alikaa mwaka mzima akienda haja ndogo kila mara, na kukataa kupimwa tezi dume kwa kidole kimoja.

Kidole kimoja!

Nakiri, ilikuwa aibu tu. Baba yangu alikufa mkojo ukiwa umemfunga, nasi tukasema ni uzee. Mke wangu alinikumbusha hilo, tena bila kupaza sauti, ndipo nikaenda. Kipimo cha damu kikawa juu, kidole kikakuta mahali pagumu, nikapangiwa siku ya baiopsi huko Malindi: wachukue vinyama vidogo vya tezi, vikapimwe kama kuna saratani.

Nitaeleza yote, maana mimi nilitafuta wa kunieleza nikamkosa. Siku kadhaa kabla, daktari aliniachisha aspirini ili damu isinitoke sana. Asubuhi ile nikameza dawa ya kuzuia maambukizi, nikasafishwa tumbo, nikalazwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Daktari, kijana wa rika la mwanangu wa pili, akaingiza kifaa cha kupiga picha, kinene kama kidole gumba, cha baridi. Nikakumbuka glavu yangu, nikamshukuru Mungu. Sindano ya ganzi ikafuata. Iliuma, kisha haikuuma.

Hapo nikageuza macho, nikaiona skrini.

Sijui nisemeje. Miaka yote hii nimewajua ndama kwa vidole, gizani, kiumbe asiyezidi panya, na kila mara nimesema Subhanallah kimoyomoyo. Kumbe na mimi nina ndani. Tezi ilikuwa pale, ya kijivu, kubwa kama limau. Nimezaliwa nayo, imenisaidia kupata watoto wanne, na siku hiyo ndiyo kwanza tunaonana. Nilisahau kuogopa. Nilitaka kuiamkia.

Halafu: ta! Sindano inaruka ndani na kurudi na uzi wa nyama, kwa mlio wa stepla. Ya kwanza ilinishtua nusura niteremke kitandani. Na zilikuwa kumi na mbili.

Ndipo muuguzi, mama wa makamo, akatoka miguuni akaja kusimama kichwani kwangu. Akaniwekea mkono begani. "Pumua taratibu, baba. Umesema unatibu ng'ombe; hebu niambie, wa huko kwenu wana majina?"

Nikamwambia wanayo. Nikamtajia Dima, ng'ombe mwekundu wa Mzee Guyo. Ta! Akauliza Dima ana tabia gani. Ta! Nikamwambia ni mkali kwa wageni ila akiongeleshwa hutulia. Nilipofika hapo nikamkumbuka Mzee Guyo mwenyewe.

Mzee Guyo ni mfugaji wa Kiorma na rafiki yangu wa miaka mingi. Ana desturi moja iliyonikera siku zote: kabla sijamgusa ng'ombe wake, lazima asimame upande wa kichwa, amshike shingo, aseme naye kwa Kiorma. "Ngoja, Daktari. Huyu bado kujua wewe." Mimi huku nyuma sabuni inanikaukia mkononi, nanung'unika. Siku moja nilimwambia mbele ya wanawe kwamba ng'ombe hasikii hotuba.

Anasikia. Hata mimi nilisikia.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Mkojo ulikuwa mwekundu siku mbili, na choo kilikuwa na damu kidogo. Shahawa nazo huweza kuwa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Mke wangu anasema hana haraka. Jambo kubwa ni homa: ukitetemeka, au mkojo ukifunga, unarudi hospitali saa hiyohiyo. Kwa hiyo nilijipima kwa kipimajoto cha kazini, kipya, kwapani. Kikasoma thelathini na saba, nikaogopa kwamba mgonjwa amepoa mno. Kisha nikakumbuka kuwa mgonjwa si ng'ombe.

Leo asubuhi, siku ya kumi na moja tangu baiopsi, Mzee Guyo aliniita nimpimie binti wa Dima. Nikavaa glavu, nikapaka sabuni, nikasimama. Akaongea na mtamba wake. Sabuni ikakauka, nikapaka nyingine. Nilipompima, alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Leo wewe hapana haraka," akasema.

Nikamwambia yote: kitanda, skrini, sindano, na kwamba kesho naenda kuchukua majibu peke yangu, kwa kuwa mke wangu yuko Hola kwa binti yetu aliyejifungua. Wanaume hatuambiani haya. Nilingoja acheke. Hakucheka, wala hakuuliza habari za damu, wala kama nitakufa. Aliuliza neno moja tu.

"Huko ndani, kichwani nani alisimama?"

"Muuguzi. Mama mmoja, simjui."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungulia mifugo.

Sasa nimekaa barazani na naogopa, niseme wazi. Ile skrini hainitoki akilini. Sijui kama kile nilichokistaajabia ndicho kitakachoniua, na bado nakistaajabia.

Simu imelia sasa hivi. Ni Mzee Guyo, ambaye hata arusi ya mpwa wake Malindi hakwenda kwa kuogopa kuacha ng'ombe.

"Daktari, kesho gari saa ngapi? Yule mtu akisoma karatasi, mimi nasimama kichwa."

Nimemwambia saa kumi na moja alfajiri.