Mchele wa Ruziba

Jumatatu, 3 Machi 2003
Umeme umekatika tena. Mashine ya saiba imezimika nikiweka picha ya sabuni. Tovuti ya duka letu bado kidogo tu, ikamilike. Aliye ng'ambo atachagua mchele, mafuta, sabuni. Sisi hapa mtaani Jabe tutampelekea mzazi wake hadi mlangoni. Mzazi atatia dole gumba kwenye karatasi, nami nitabonyeza "Imepokelewa". Mume wangu anasema nauza hewa. Acheke tu.

Alhamisi, 13 Machi
Oda ya kwanza, alhamdulillahi! Espérance, yuko Kanada, miaka saba hajamwona mama yake. Gunia la mchele, lipelekwe kwa mama huko Ruziba, kusini mwa mji. Nimeruka dukani kama mtoto. Barabara ya kusini imefungwa, risasi tangu asubuhi. Tungoje.

Jumatatu, 17 Machi
Barabara wazi. Shemeji yangu Zuberi amekwenda na pikapu, amerudi na karatasi yenye dole gumba. Nimebonyeza. Espérance amejibu papo hapo: analia kwa furaha. Mimi pia.

Ijumaa, 21 Machi
Oda ya pili. Espérance tena: sabuni, ile mama yake anayoipenda, na anaomba picha ya mama. Nimempa Zuberi kamera. Hakuipokea.
"Shemeji, ile kidole haiko ya mama. Alikufaka siku ile ya masasi. Nilikuta watu kwa kilio."
Jirani ndiye aliyetia dole. Mchele ukapikiwa waombolezaji. Kwa nini alininyamazia?
"Habari ya kifo haipite mu mashine. Mutoto iko peke yake kule. Nani atamushika?"
Nimemfokea. Lakini ndivyo tulivyolelewa: msiba huletwa na mtu, naye hukaa nawe. Mama alikufa siku ile ile niliyoruka dukani. Na uongo nimeubonyeza mimi. Nina aibu.

Jumanne, 25 Machi
Sabuni bado iko kaunta. Padri wa Ruziba anamjua mama mmoja Mrundi anayeishi mji ule ule wa Espérance. Nimempigia mama huyo. Atakwenda kwa Espérance na wenzake wawili kumpa habari, watalala huko.

Jumapili, 30 Machi
Espérance ameshapewa habari, wale watatu bado wako naye. Ameandika mstari mmoja: mchele wa kilio ulitosha? Nimejibu: ulitosha, watu walikula wote.
Leo nimeongeza kisanduku kwenye fomu, chini ya anwani. Jina la mtu aliye karibu nawe huko uliko. Mume wangu amekisoma. Hakucheka.