Mvua ya Milango Miwili

Likasi, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Gaëlle,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku tuko wazima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Na tumbo lako? Mtoto anacheza? Simu yangu imezimika, umeme hakuna, ndiyo maana nampa Ruffin wa basi karatasi hii akuletee huko Kolwezi.

Bomba limenyamaza tangu Agosti. Nikajiuliza, binti yangu anakuja Desemba kujifungua kwangu, nitamwogesha na nini? Nikanunua mfereji wa bati, Parfait fundi akaupigilia chini ya paa, na mwisho wake nikaweka pipa. Kanisani tukafunga kuomba mvua. Jana ikanyesha, pipa likafurika, nikacheza uani peke yangu!

Kumbe Philomène wa mlango wa pili alikuwa ananitazama. Akaja na ndoo: "Clotilde, paa ni moya. Mayi ya upande yangu iko wapi?"

Nikamjibu: "Minye ndjo nilifunga, weye ulikuwa unakula!"

"Na siye Wakatoliki ku paroisse tulifanya misa ya mvua. Unajua Mungu alisikia nani?"

Nimelitia pipa kufuli.

Mama yako,
Clotilde

Kolwezi, 20 Oktoba

Mama mpenzi,

Jambo sana. Mimi na mkwe wako Divin tu wazima. Nimecheka hadi mtoto akanipiga teke.

Lakini unanijua kwa maswali. Mfereji unapita chini ya paa lote, au upande wako tu? Umeinamia wapi? Maman Philomène sasa anateka wapi? Na jambo jingine ninalojiuliza tangu nipate mimba: uliponizaa mimi, bibi alikuwa ameshafariki. Nani alikuogesha?

Binti yako,
Gaëlle

Likasi, 2 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo umepoa, hasira bado.

Maswali yako yalimpandisha Parfait juu ya paa. Akamwaga kikombe cha maji upande wangu, yakaingia pipani. Akamwaga upande wa Philomène, nayo yakaingia pipani. Nikamwambia ashuke upesi, watu wanaona. Ndiyo, mfereji unapita kote, lakini nimeununua mimi. Yeye anateka mtoni, mbali, na yale magoti yake mabovu.

Halafu juzi, mawingu yameshajaa, Philomène akapanda kiti akang'oa kipande cha katikati cha mfereji! Mvua yote ikamwagika kati ya milango yetu, ikachimba shimo. Pipa langu kavu, ndoo yake kavu, tukabaki tunatazamana.

Swali lako la mwisho sijibu.

Mama

Kolwezi, 25 Novemba

Mama,

Jambo. Mbona kimya? U mzima kweli? Mkunga anasema mtoto ameshashuka. Divin anataka nijifungulie hapa, maana maji yapo. Mimi nataka mikono yako, Mama. Ninaogopa. Niambie ukweli: nije au nisije?

Gaëlle

Likasi, 29 Novemba

Gaëlle mwanangu,

Jambo sana. Usishtuke kuona mwandiko mwingine, ni mimi Maman Philomène. Mama yako mzima. Yuko juu ya kiti anarudisha kipande cha mfereji, huku ananipigia kelele niandike vizuri.

Alikuja mlangoni kwangu na barua zako mkononi, analia. Akanipa. Nikazisoma mwenyewe, nami nikalia. Uliuliza nani alimwogesha. Ni mimi, asubuhi na jioni, kwa maji ya moto, na alivyopiga makelele barabara nzima ilisikia.

Kufuli tumelitupa katika lile shimo, tukafukia. Pipa la pili nimeleta mimi. Mvua hii ni ya mfungo wao au ya misa yetu, bado hatujapatana, na sidhani tutapatana.

Njoo, mwanangu. Maji yapo. Fanya haraka, maana sasa tunagombania jambo jingine: nani atakuogesha.

Mama yako wa mlango wa pili,
Philomène

Usimsikilize huyu. Ni mimi.
Mama