Buibui la Modeli ya Mikate

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku Maskati. Mwili mzima, alhamdulillahi, roho ndiyo imekaa juu juu. Mtopanga hamjambo? Kikohozi cha bibi kimetulia?

Tangu ulipokata simu unalia, sijameza tonge likashuka. Bibi mwenye nyumba ninayofanyia kazi kaniuliza, "Maryamu, leo chai ina chumvi?" Wallahi ilikuwa nayo. Kwenye simu na mimi nitalia tu, ndiyo maana naandika.

Nilivyofahamu mimi, ofisini mna programu za kukadiria biashara, kila moja na fundi wake na amri zake. Mkubwa wenu akataka zote ziitikie amri mbili tu, "jifunze" na "kadiria". Wewe ukapewa modeli ya mikate, programu ya kukadiria mikate mingapi itauzwa, aliyoiacha fundi wa Frere Town, ukaambiwa usiiguse ndani, uivishe tu kwa nje. Nikakwambia, "Ah, kumbe buibui!" Ukacheka. Nje sare, ndani kila mtu na nguo yake.

Sasa umegundua fundi yule alihesabu siku kama tuhesabuvyo sisi: jua likitua, siku mpya imeingia. Alhamisi baada ya magharibi, kwake ni Ijumaa. Buibui lako linangoja saa sita ya usiku ndipo libadilishe siku. Mauzo yote ya jioni yanaangukia siku isiyo yake, na mwokaji wa Magongo keshaanza kuitumia modeli hiyo.

Ukaniuliza, "Mama, nirekebishe kimya kimya au niseme? Bado niko kwenye majaribio, watanifukuza."

Mwanangu, naogopa kuliko wewe. Kazi hiyo niliiomba kwenye kila sijida. Moyo mmoja uliniambia nikwambie nyamaza. Lakini nikamfikiria mwokaji, mikate imemlalia, analaumu mikono yake mwenyewe. Kosa si lake.

Sema. Sema kabla hajawasha tanuri tena. Kisha lishone buibui upya, aliye ndani umwache alivyo. Wakikufukuza, kwa bibi kuna kitanda, na mimi bado nina nguvu.

Nisalimie bibi, umpe tangawizi asipotaka pia. Nisalimie mjomba wako mwalimu wa chuoni, na jirani yetu Mama Mutua wa mboga, mwambie sukuma ya huku haina ladha.

Ukishasema, niandikie neno moja tu kwenye simu: nimesema. Nimeifunga kwenye pindo la kanga, ikitikisika nitaisikia.

Mamako akupendaye,
Maryamu