Kumi na Tano kwa Watano

Jumatatu, 9 Juni 1975
Kisomo cha akina mama, saa kumi, ghala la pamba. Bado kugawanya. Wanang'ang'ania kuzidisha kwa sababu kunawafurahisha. Nimemwaga maharage kumi na tano sakafuni, nikasema jibu la kugawanya ni lile fungu la kila mmoja, basi. Hawakushika. Nikatafuta mfano wa nyumbani: watoto wa Bhoke, waliokaa mlangoni wakimsubiri mama yao. Nikawanyooshea kidole. Mmoja, wawili, hadi Marwa, yule mdogo, wa tano. Kila mmoja matatu.

Bhoke akasema, "Mwalimu, huku kwetu mtoto hahesabiwi." Akawakusanya akaenda zake. Nimecheka moyoni. Mimi mtu wa Musoma mjini, naletewa mambo ya kale.

Jumatano, 11 Juni
Bhoke hakuja. Nimerudia mfano uleule, kwa ukaidi tu. Mafungu matano, matatu matatu. Nikageuka kufuta ubao. Kugeuka tena, mafungu manne. Maharage kumi na mawili. Akina mama wote walikuwa wamekaa mbali, ukutani. Nikasema ni kuku. Ghalani hakuna kuku.

Baadaye nikaambiwa Marwa ana homa tangu jana. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni
Homa haijashuka. Mganga wa zahanati amempa klorokwini, anasema ni malaria. Na mimi nasema ni malaria. Ila kutwa nzima nagawanya kumi na mbili kwa nne kichwani, na jibu linatoka sawasawa, hakuna baki, kama vile wa tano hakuwahi kuwepo. Naogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi nimemkuta Bibi Ghati, mama mkwe wa Bhoke, mlangoni kwangu. Hakungoja nimalize shikamoo.

"Ulihesabu sawasawa, ndiyo maana. Njoo ukosee."

Hesabu ya kweli, anasema, inakionyesha kifo pa kuchukulia mtoto. Ya uongo inakipoteza njia.

Mimi, ambaye tangu darasa la kwanza nachukia kukosea. Nimesimama kwa Bhoke, maharage kumi na tano mkononi, majirani wote wanasikiliza, Marwa kalala kwenye ngozi anapumua kwa shida. Nikawaonyesha watoto tena kwa kidole, hadi wa tano. Ilibidi niongeze mmoja asiyekuwepo. Sikumpata. Nikajigusa kifua, nikasema, wa sita. Kumi na tano kwa sita, mawili mawili, yanabaki matatu. Bibi akayachukua yale matatu akayatupa kichakani nyuma ya nyumba. Hakuangalia yalipoangukia.

Nimerudi na baridi mgongoni.

Jumatano, 18 Juni
Marwa anakula. Homa yake ilishuka Jumamosi. Yangu ilianza Jumamosi. Jasho, kutetemeka, klorokwini ileile. Bhoke ananiletea uji wa ulezi na kukaa mpaka niumalize. Hasemi mimi ni wa ngapi. Siulizi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimerudi ghalani, miguu bado haina nguvu. Bhoke amegawanya kumi na nane kwa sita bila kusaidiwa. Matatu matatu, hakuna baki. Fungu la mwisho akalisogeza mbele yangu.

Saa kumi na moja akapita afisa wa elimu ya watu wazima. Akauliza nina wanafunzi wangapi. Akina mama wakatazama chini.

"Wapo wa kutosha," nikamjibu.

Hakupenda. Alipoinua kidole ili awahesabu, nikamshika mkono, nikamkaribisha nje akaone shamba la kijiji.