Vidonge vya Kioko

Jumatatu, 3 Machi
Mawe tena. Vumbi tena. Saa mbili asubuhi na tayari natema mate meupe. Tumetoka Kitui watu sita kuvunja mawe machimboni, tunalala chumba kimoja hapa nje ya Mtito Andei. Dirisha tumeliziba kwa gunia, mbu wamezidi. Kioko, mtoto wa mjomba, anakohoa mpaka anashika ukuta. Sheria ya chumba ni moja: kinachoingia kinagawanywa. Unga, sabuni, hata gambuti.

Jumatano, 5 Machi
Kioko alienda zahanati. TB. Amerudi na vidonge, vinne kila siku. Nesi anataka sote tupimwe. Tumecheka. Ukikosa siku moja, nyapara anaokota mwingine getini. Akisikia neno TB, funga virago. Tumepatana kusema ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi
Nami nakohoa. Jasho jingi. Kioko alitoa vidonge vyake vya leo, akanisukumia viwili.
“Kunywa. Hizi ni zetu.”
Nimemeza. Kwetu huwezi kula huku mwenzako akikutazama.

Alhamisi, 27 Machi
Mikojo yetu myekundu. Nesi alisema ni dawa. Tunajiona madaktari. Kikohozi changu kimepungua. Cha Kioko bado.

Jumatatu, 14 Aprili
Kioko ametema damu kwenye kokoto. Nyapara ameuliza. Nimejibu haraka kwamba ni jino. Mjinga mimi.

Jumatano, 16 Aprili
Hakuweza kusimama. Nimeacha kazi nikampeleka zahanati. Nesi ameuliza kama alikuwa akimeza vyote vinne. Kioko akaniangalia, akasema ndiyo. Ananilinda hata akiwa anakufa! Nimesema ukweli. Nesi ameweka kalamu chini.
“Mmegawana dawa kama chapati? Sasa hakuna mwenye amepona.”
Ambulensi imemchukua. Sikupewa nafasi ya kupanda. Najichukia.

Jumamosi, 26 Aprili
Kioko alifariki jana. Mama yake amenipigia, anauliza kama mtoto wake alikuwa anakula vizuri huku. Nimesema ndiyo. Simu ilipokatika nililia mbele ya watu, sijali.

Jumatatu, 28 Aprili
Nesi amechukua makohozi yangu. Kisha akataka majina ya wote wa chumbani. Asubuhi wenzangu walikuwa wamenisihi: usitutaje, tuna watoto. Hata mimi nina watoto. Mutisya, mmoja wao, anakohoa tangu Ijumaa, anasema ni baridi.
Nimetaja majina yote manne, polepole, ili aandike vizuri. Atakuja kesho kuwapima.
Nimerudi. Nimelitoa gunia dirishani, hewa iingie. Nimepika ugali na sukuma, chakula changu nimekiweka kando nisiwaambukize. Nimekaa nje mlangoni. Wanatoka kazini saa kumi na moja, na nitawaambia kwamba nimewataja, kabla hawajanawa mikono.