Mbaazi Arobaini za Arismel

Consuelo, 5 Juni 2017

Leocadio,

Jumamosi tarehe tatu Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi, kijana wangu wa besiboli, Arismel, alipoteza nafasi aliyoahidiwa tangu akiwa na miaka kumi na minne. Ulimpigia mama yake simu ya sekunde arobaini na moja, nimeiona kwenye simu yake mwenyewe, ukamwambia klabu yenu imebadili uamuzi. Mimi hukunipigia.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mtoto hali chakula. Tangu juzi sahani ya ndizi za kuponda na salami inarudi jikoni kwangu kama ilivyokwenda, nawe unajua mtoto wa hapa Consuelo akikataa salami ni mgonjwa.

Simu zangu kumi na saba hukupokea, ndiyo maana nampa bahasha hii dereva wa basi la Boca Chica. Atakufuata hadi kambini, yule hana haya.

Nikukumbushe. Miaka miwili iliyopita ulisimama kwenye uwanja wangu, uwanja niliofyeka miwa kwa panga langu nikiwa mjane wa miezi mitatu, ukawaambia watafuta vipaji wenzako wanne wa vilabu vingine, "Huyu ni wangu." Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyempima. Ndivyo mnavyoheshimiana: mtoto aliyeshikwa na mmoja haguswi na mwenzake mpaka aliyemshika atamke kwa kinywa chake kwamba amemwachia. Wewe hujatamka. Hammchukui, hammwachii. Na vilabu vinasaini vijana wa miaka kumi na sita tarehe mbili Julai. Zimebaki siku ishirini na saba.

Kosa lake ni nini?

Dada yako,
Nurys


Boca Chica, 9 Juni 2017

Dada Nurys,

Nibariki. Natumai goti lako limetulia na mvua haijageuza uwanja kuwa bwawa. Mgongo wangu unanisumbua nikikaa sana, na siku hizi ninakaa sana.

Dada, uamuzi haukuwa wangu. Mwaka jana Arismel alipookota mpira kule pembeni, karibu na kituo cha tatu, alikuwa akiurusha hadi kituo cha kwanza kwa maili themanini na nane kwa saa. Tarehe kumi na sita Mei, mkubwa wangu alipokuja kutoka Florida, alikuta sabini na tisa. Miguu ni ileile. Mikono ni laini, mpira unaotambaa anauokota kama anaokota yai. Lakini anayecheza kati ya kituo cha pili na cha tatu bila mkono ni jiko bila moto. Mkubwa akaandika kwamba mkono ni mbovu, akafunga daftari.

Mhamishie kituo cha pili, kule mrusho ni mfupi. Mwakani tutaona. Usinikasirikie, wewe ndiye uliyenilea.

Mdogo wako,
Leocadio


Consuelo, 12 Juni 2017

Leocadio,

Mungu akubariki. Hiyo ni desturi, usidhani ni msamaha. Goti linauma, uwanja umekauka, nashukuru kuulizwa.

Mbaazi zangu unazijua. Arobaini, kavu, mfuko wa kulia wa aproni. Mtoto akirusha kwa nguvu, moja inahamia mfuko wa kushoto. Wa kulia ukiwa mtupu, siku imekwisha, hata angekuja rais. Marehemu mume wangu Eusebio ndiye aliyenifundisha, na yeye alifundishwa na bega lake mwenyewe lililokufa akiwa na miaka kumi na tisa.

Tarehe kumi na sita Mei ulitaka kupiga video zako kabla mkubwa wako hajafika. Arismel akarusha arobaini. Nilikuwa na kile kipima mwendo cha zamani ulichoniachia: themanini na nane, themanini na saba, themanini na nane. Mbaazi zikaisha saa tatu na nusu. Mkubwa wako akaja saa tano, amechelewa kuamka hotelini, akataka kuona tangu mwanzo. Ukanijia ukicheka: "Dada, leo hizo mbaazi zipeleke jikoni, tukazipike na wali."

Sikuzipeleka. Nilianza kuhesabu upya. Mrusho wa hamsini ulikuwa themanini na nne. Wa sabini, themanini kamili. Alipoambiwa inatosha alikuwa amerusha mara themanini na sita, juu ya zile arobaini za asubuhi. Mkubwa wako aliona mkono uliochoka, akaandika mkono mbovu.

Jana Fausto, yule mtafuta vipaji wa klabu nyingine, alisimama nje ya waya wa uzio. Alikula keki zangu mbili za kukaanga, akaniita Doña kama bibi wa heshima, akasema mkono wangu haujawahi kukosea chumvi. Kisha akauliza kama umemwachia mtoto. Nikamwambia akuulize. Akasema amekuuliza mara mbili, unacheka na kumuuliza habari za mkewe. Akaondoka bila kutoa saa ya kupimia mfukoni.

Je, mkubwa wako uliwahi kumwambia habari za ile arobaini ya kwanza?

Dada yako,
Nurys


Boca Chica, 24 Juni 2017

Dada Nurys,

Nibariki. Nimekaa siku kumi na mbili bila kujibu, najua umezihesabu.

Sikumwambia. Klabu hairuhusu kijana apimwe mara mbili siku moja, na fomu ya siku ile niliisaini mimi: kijana amepumzika, yuko tayari. Vijana wawili niliowaletea klabu mwaka jana wamesharudishwa kwao. Mkataba wangu unaisha Julai, na nina miaka hamsini na mbili. Kazi gani nyingine naijua?

Sasa angalia nilipokwama. Nikimwambia Fausto nimemwachia, atauliza kwa nini. Nikisema ni mkono, nammaliza mtoto. Nikisema ukweli, najimaliza mwenyewe. Nikinyamaza, hakuna anayemalizwa. Mtunze mwaka mmoja tu, upepo huu upite.

Na kwa kuwa unapenda kuuliza, nami niulize. Ulikuwa hatua tano kutoka kwangu, mbaazi ziko mfukoni mwako. Mbona hukumsimamisha?

Mdogo wako,
Leocadio


Consuelo, 26 Juni 2017

Leocadio,

Mungu akubariki. Sisi wazima. Mtoto anakula.

Swali lako ni la haki. Sikumsimamisha kwa sababu mkubwa wako alikuwa anaandika, nami nikajidanganya kwamba kila mrusho mmoja zaidi ni mstari mmoja zaidi wa kumsifu. Niliogopa kama wewe. Miaka kumi na moja ya uwanja huu, ndiyo siku ya kwanza nilihesabu nikafunga mdomo.

Jana niliwaambia Arismel na mama yake, mezani, wali ukipoa. Mama yake alilia. Mtoto akaniita Shangazi, kama vijana wote wa uwanja, akasema, "Hata mimi nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nangoja useme inatosha."

Hilo nitakwenda nalo kaburini. Wewe tafuta lako.

Mwaka mmoja hakuna. Mwenye miaka kumi na saba hapimwi tena, anaonewa huruma. Na mkono si mbovu. Nilimpumzisha wiki tano kasoro siku mbili, na Jumapili ya tarehe kumi na nane akarusha mbaazi ishirini tu: themanini na saba, themanini na nane, themanini na nane, themanini na tisa. Nimeandika zote ishirini, ukitaka nitakutumia.

Fausto anapita Consuelo Jumamosi saa nne asubuhi. Amenieleza waziwazi kwamba bila neno lako hataingia ndani ya waya. Mimi nitamwambia la kwangu, kwamba nilisimama pale nikanyamaza. La kwako sitamsemea, maana akilisikia kwangu ni maneno ya mwanamke mwenye uchungu na mtoto wake. Kwako anahitaji kusikia kwamba umemwachia, na kwamba mkubwa wako alimpima akirusha mara themanini na sita baada ya zile arobaini.

Wakikufukuza, chumba chako cha zamani kina kitanda, na kila asubuhi nina mipira mia mbili inayohitaji mtu wa kuipiga. Mshahara ni mdogo na bosi ni mimi.

Usiniandikie tena habari za mgongo wala za mkubwa wako. Utampigia Fausto au hutampigia? Nataka ndiyo au hapana, mkononi mwangu, kabla ya saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe mosi Julai.

Dada yako aliyekulea,
Nurys