Chokaa ya Bibi

Jumatano, baada ya alasiri

Sura ya maradhi ya kinywa nimeifunga kabla sijaimaliza.

Meno ya mtu mzima thelathini na mbili, nayajua. Ya utotoni ishirini, hayana magego madogo. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, likishaliwa halioti tena. Yote haya nilijifunzia mdomoni mwa Bibi, hapa hapa Mtambile. Alikuwa akitema tambuu yake ya popoo na chokaa, anasukutua, anafunua kinywa. "Haya hesabu, mwanangu. Yaliyobaki yote yako."

Leo nimesoma: doa jeupe ndani ya shavu, ukilifuta halitoki, huenda ni mwanzo wa saratani, mgonjwa apelekwe hospitali mapema, hasa akiwa anatafuna tambuu na tumbaku.

Nililiona. Mwaka jana, upande wa kushoto, karibu na magego ya nyuma. Nilimuuliza. "Chokaa hiyo ya tambuu," akasema. "Wewe hesabu meno." Nami nikahesabu. Kitambaa nilichomfutia mate kilikuwa mkononi, na lile doa sikuligusa.

Tulipompeleka hospitali, shavu lilikuwa limeshatoboka. Tumemzika mwezi uliopita.

Mama hajui kwamba niliona. Amepita sasa hivi na chai, akasema Bibi angefurahi ninavyojitahidi. Nikamjibu ndiyo, Mama. Ningemwambia nini, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko mpaka...

Mtihani wa kuingia chuo cha meno ni Jumatatu. Mwalimu anasema swali la doa jeupe huwa halikosi.

Nitalipata.